Yoga, mgongo na presha: nini kinasaidia, na nini usikiache

Mwezi uliopita kwenye kipindi cha asubuhi tulizungumza dakika chache tu kuhusu maumivu ya mgongo kwa wakulima. Hatukutegemea kilichofuata. Meseji ziliingia kutoka Mkata, Kabuku, Sindeni na Kwamsisi, na upande wa Korogwe zikatoka Mombo, Magoma, Mashewa mpaka Bungu kule juu. Wengi waliuliza kuhusu mazoezi. Lakini ujumbe mmoja ulitusimamisha.

Mama mmoja wa upande wa Korogwe alituambia ametumiwa video kwenye WhatsApp. Video hiyo inasema ukifanya yoga siku 21 mfululizo, presha inaisha kabisa na vidonge unaviweka pembeni. Yeye ana presha kwa miaka kadhaa sasa, na vidonge vinamgharimu nauli na muda kila mwezi. Aliuliza swali fupi: aache?

Tulimpigia siku ileile. Jibu letu lilikuwa fupi pia: mama, usiache. Ila tuliona swali lake linahitaji maelezo zaidi ya simu moja, maana yoga si uongo mtupu, na wala si muujiza. Ipo mahali inasaidia kweli, ipo mahali haisaidii, na ipo mahali inaweza kumdhuru mtu. Tumekaa, tumesoma, tumeuliza, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Yoga ni kitu gani?

Yoga imetoka India, na ina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya huko, na asili yake ni kufunga au kuunganisha, kama mkulima anavyofunga ng'ombe wawili kwa nira. Kinachounganishwa hapa ni mwili, pumzi na akili.

Zamani yoga ilikuwa zaidi njia ya kutafakari kuliko mazoezi ya viungo. Hii ya kunyoosha mwili tunayoiona kwenye simu ilipata umbo lake la sasa zaidi katika karne iliyopita. Mwaka 1924, Swami Kuvalayananda alianzisha kituo kinachoitwa Kaivalyadhama katika mji wa Lonavla, India, ili kupima yoga kwa vifaa vya kisayansi: mapigo ya moyo, pumzi, presha. Mwalimu mwingine, B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 2014, alikuwa mtoto dhaifu aliyesumbuliwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Alipokuwa mwalimu, alianza kutumia viti, kamba na matofali ili hata mgonjwa, mzee au mtu asiyeweza kuinama aweze kufanya. Hapo ndipo wazo la yoga kama msaada wa tiba lilipopata nguvu.

Hapa Afrika Mashariki nako imefika siku nyingi. Jijini Nairobi kuna mradi uitwao Africa Yoga Project, ulioanza mwaka 2007, ambao umefundisha vijana wa mitaa ya kipato cha chini wakawa walimu na kupata riziki, na wengine wamekuwa wakifundisha mashuleni na magerezani. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa siku ya kimataifa ya yoga, na tangu mwaka 2015 huadhimishwa kila mwaka.

Kwa hiyo si kitu cha matajiri wa mjini peke yao. Hakihitaji jengo wala mashine. Mkeka unatosha.

"Mimi nalima kutwa, mazoezi ya nini tena?"

Swali hili tuliulizwa na wasikilizaji wengi, hasa akina baba, na ni swali la haki. Anayelima ekari mbili kwa jembe la mkono hahitaji kuambiwa atoke jasho. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye shughuli ya kutosha kutoa jasho jepesi kwa dakika 150 mpaka 300 kwa wiki. Mkulima wa Handeni msimu wa mvua anazimaliza dakika hizo Jumatatu kabla ya saa sita mchana.

Tatizo la mkulima liko kwingine: ni kufanya jambo moja, upande mmoja, muda mrefu. Ukilima umeinama. Ukipalilia umeinama. Ukivuna maharage umeinama. Ukipepeta, ukifua, ukipika kwenye mafiga, bado umeinama. Mkata mkonge katika mashamba ya Korogwe huinama, hukata, hufunga mzigo, hubeba, kisha huanza upya. Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili, na kati ya pingili na pingili kuna kitu laini mithili ya mto mdogo. Ukiinama, misuli ya mgongo inabeba uzito wote wa kifua, kichwa na mikono kwa saa nyingi bila kupumzika. Misuli ya mbele ya nyonga inafupika. Misuli ya tumbo na makalio, ambayo ingesaidia kubeba, inabaki bila kazi.

Ongeza na maji. Ndoo au dumu la lita 20 lina kilo 20, bila kuhesabu uzito wa dumu lenyewe. Mama wa Handeni anayajua maji ya kiangazi: anakwenda mbali, anarudi na kilo 20 kichwani, na kesho tena. Shingo na kiuno ndivyo vinavyolipa. Kijana wa bodaboda naye amekaa kutwa, anatikiswa na barabara ya vumbi, mgongo umepinda kama upinde.

Mkulima basi hana haja ya kuongezewa kazi. Anahitaji kupeleka mwili upande wa pili: kama kutwa umeinama mbele, jioni ujinyooshe nyuma taratibu, kama kutwa umebana pumzi kwa kubeba, jioni upumue kwa kina. Hicho ndicho kiini cha mazoezi haya.

Utafiti umesema nini?

Maumivu ya mgongo wa chini ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwafanya watu washindwe kufanya kazi zao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa nayo. Si wewe peke yako, na si lazima umerogwa. Huku kwetu wengine huyaita ngiri, wengine chango, wengine husema ni figo. Mara nyingi ni misuli na maungio yaliyochoka.

Mwishoni mwa mwaka 2023 shirika hilo lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu ya mgongo wa chini yaliyozidi miezi mitatu. Unashauri mazoezi yenye mpangilio na elimu kwa mgonjwa ili ajisaidie. Unasema pia kwamba mikanda ya kufunga kiuno, ile inayouzwa minadani na kwenye mabasi, haishauriwi kwa watu wengi wenye maumivu haya. Kama umejiwekea akiba ya kununua mkanda, fikiri mara mbili.

Kuhusu yoga yenyewe, tafiti mbili zinatusaidia kuelewa. Moja ilitangazwa mwaka 2017 kutoka Boston, Marekani. Watu 320 wenye maumivu ya mgongo, wengi wao wa kipato cha chini, waligawanywa. Wengine walifundishwa yoga kwa wiki 12, wengine walihudumiwa na wataalamu wa fiziotherapia, na wengine walipewa kitabu cha kusoma. Yoga ilifanya kazi karibu sawa na fiziotherapia. Mwaka huohuo chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kikaiweka yoga katika orodha ya mambo ya kujaribu kwanza kwa mgongo wa muda mrefu, kabla ya kukimbilia dawa.

Utafiti wa pili, wa mwaka 2011, ulifanyika jimbo la Washington, hukohuko Marekani, kwa watu 228. Safari hii yoga ililinganishwa na madarasa ya kawaida ya kunyoosha viungo, na kitabu. Yoga ilishinda kitabu. Kunyoosha viungo nako kulishinda kitabu. Lakini yoga na kunyoosha viungo vilitoka sare.

Utafiti huo wa pili una maana kubwa kwetu. Unaonyesha kwamba kinachosaidia mgongo ni mwili kusogezwa taratibu, mara kwa mara, kwa wiki nyingi, na hakuna siri iliyofichwa kwenye jina. Usiuziwe siri hiyo na mtu yeyote.

Na presha je? Na sukari?

Sasa turudi kwa mama yetu wa Korogwe.

Kupumua polepole kunateremsha presha kidogo. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Ukipunguza ukafika mara 6 hivi, na ukatoa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta, mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo kwenda kwenye moyo huuambia moyo upunguze mwendo, na mishipa ya damu hulegea. Watu wenye presha wanaofanya yoga kwa miezi kadhaa hupungukiwa pointi chache kwenye kipimo. Kwa mwenye kisukari, mazoezi ya aina yoyote husaidia mwili kutumia sukari vizuri zaidi, na yoga imo.

Pointi chache ni jambo jema, lakini uzipime na ugonjwa wenyewe. Presha huhesabiwa kuwa ya juu ikifika 140 kwa 90 au zaidi. Aliyefika 180 kwa 110 hawezi kurudishwa salama na pointi chache za pumzi. Anahitaji dawa, na mazoezi yaje kusaidiana na dawa, yasiiondoe. Ubaya wa presha ni kwamba haiumi. Duniani kote, karibu nusu ya wenye presha hawajui kama wanayo. Ukiacha vidonge unaweza kujisikia vizuri kabisa wiki nzima, ukafurahi, ukasema video ilikuwa kweli. Kisha siku moja asubuhi mdomo unapinda na mkono hauinuki.

Tunasema hivi kwa uchungu. Mama mkubwa wa mmoja wetu hapa studio aliacha vidonge baada ya kuambiwa amepona kwa njia nyingine. Alikuwa mchangamfu, akilima, akiimba kwaya. Kiharusi kilimkuta jikoni. Aliishi miaka miwili baada ya hapo, akilishwa. Hakuna aliyemlazimisha kuacha. Alichoka tu na vidonge, na mtu akampa sababu ya kuviacha.

Nchi yetu inalijua jambo hili. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni kilomita nyingi. Watu walikwenda kwa sababu walikuwa wanaumwa na walikuwa na matumaini, na hilo hatuwezi kulicheka. Lakini wapo walioacha dozi zao za hospitali wakiamini wamepona, na hapo ndipo madhara yalipoingia. Kosa la video ya siku 21 ni hilohilo.

Kama umefanya mazoezi miezi mitatu, umepunguza chumvi, na kipimo kimeteremka, nenda kliniki na daftari lako. Daktari anaweza kukupunguzia dozi. Hiyo ni kazi yake. Usijipunguzie mwenyewe.

Jambo moja zaidi kwa wenye presha na maumivu ya mgongo kwa pamoja: dawa za maumivu kama diklofenaki, zikitumika kila siku bila maelekezo, zinaweza kupandisha presha, kuumiza figo na kuleta vidonda vya tumbo. Mtu anatibu mgongo, anaharibu kwingine. Ukiwa na presha, mwambie mhudumu wa duka la dawa kabla hujanunua.

Hii si dini ya watu?

Wasikilizaji Waislamu na Wakristo wote wametuuliza, na hatutaki kulikwepa swali hili. Ni kweli, yoga imekua ndani ya imani za India, hasa Uhindu, na baadhi ya walimu huchanganya mazoezi na maneno ya ibada. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia lilisema Muislamu asifanye yoga yenye ibada na maneno hayo ndani yake, na waziri mkuu wa nchi hiyo akafafanua kwamba mazoezi ya mwili matupu hayana shida. Mwaka uliofuata baraza la maulamaa la Indonesia lilitoa msimamo unaofanana. Saudi Arabia nayo, mwaka 2017, iliitambua yoga kama mchezo. Kwa Wakristo pia mawazo yako tofauti: wapo wanaoona ni mazoezi tu, wapo wanaoikataa.

Sisi ni watangazaji, si mashehe wala mapadri. Tunachoweza kusema ni kwamba kupiga magoti shambani ukipalilia si ibada, na kupiga magoti mahali pa sala ni ibada. Goti ni lilelile, nia ndiyo tofauti. Kama moyo wako hauko sawa, muulize kiongozi wako wa dini. Na kama bado hutaki, kumbuka ule utafiti wa sare: fanya mazoezi ya kunyoosha viungo, yaite mazoezi ya kunyoosha viungo, na mgongo wako utafaidika vilevile.

Mazoezi matano ya kuanzia

Fanya jioni baada ya kazi, kabla ya kula, au asubuhi kabla ya kutoka. Tandika mkeka au khanga mbili sakafuni. Vaa nguo isiyobana. Dakika 15 zinatosha. Kunyoosha kunaruhusiwa kuvuta kidogo, kusichome. Kikichoma, rudi nyuma. Na wakati wowote usibane pumzi.

1. Pumzi ya tumbo. Lala chali, kunja magoti, nyayo chini. Weka mkono juu ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, mkono upande. Toa ukihesabu mpaka 6, mkono ushuke. Fanya dakika tatu. Hesabu hiyo inakupa pumzi 6 kwa dakika.

2. Magoti kifuani. Ukiwa bado chali, vuta goti moja kwa mikono miwili mpaka karibu na kifua, pumua mara tano, badilisha. Kisha yote mawili pamoja. Kama mikono haifiki, pitisha khanga nyuma ya paja uvute nayo.

3. Daraja. Magoti yamekunjwa, nyayo chini. Kaza makalio, inua kiuno taratibu, hesabu mpaka 5 huku ukipumua, shusha. Rudia mara nane. Zoezi hili linaamsha ile misuli iliyokaa bila kazi kutwa.

4. Paka na ng'ombe. Simama kwa mikono na magoti kama mnyama wa miguu minne. Ukitoa pumzi, pandisha mgongo juu kama paka aliyekasirika. Ukivuta pumzi, acha tumbo lishuke na uinue kifua, kama mgongo wa ng'ombe mzee. Mara kumi, bila haraka.

5. Kujinyoosha nyuma ukiwa umesimama. Weka viganja kiunoni, miguu imeachana kidogo, sukuma nyonga mbele, jinyooshe nyuma kidogo tu. Mara tano. Hili unaweza kulifanya hata shambani kila baada ya matuta machache. Vijana wa bodaboda, hili ni lenu kila mnaposhusha abiria.

Malizia kwa kulala chali dakika mbili bila kufanya chochote. Watu wengi hulidharau hili. Kwa mama aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, huenda ndizo dakika mbili pekee za siku nzima ambazo hakuna anayemwita.

Usitegemee matokeo kesho. Katika tafiti zile watu walifanya wiki 12. Wawili wetu hapa studio tumejaribu wiki sita. Mmoja, ambaye kukaa kwenye kiti kulimtesa, anasema asubuhi anainuka bila kushika ukuta. Mwingine anasema analala vizuri, mgongo bado. Tunawaambia kama ulivyo.

Nani awe mwangalifu, na lini uende hospitali

Mjamzito asilale chali muda mrefu baada ya miezi minne, na aulize kliniki kwanza. Mwenye presha kubwa au ugonjwa wa macho wa shinikizo asifanye mikao ya kuweka kichwa chini. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni, na mzee ambaye mifupa yake huvunjika kirahisi, waanze na mtaalamu. Mwenye kisukari anayetumia insulini asifanye akiwa na njaa.

Na kuna maumivu ya mgongo ambayo si ya mkeka kabisa. Nenda kituo cha afya, au hospitali ya wilaya, bila kusubiri ukiona haya:

- Miguu inapoteza nguvu, au ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani.
- Mkojo au haja kubwa inatoka yenyewe, au mkojo umegoma kutoka. Hii ni dharura, nenda siku hiyohiyo.
- Maumivu yameanza baada ya kuanguka, kwa mfano kutoka kwenye mti au pikipiki.
- Homa, kutoka jasho usiku na kukonda. Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye uti wa mgongo, na dawa zake hutolewa bure.
- Maumivu ubavuni pamoja na mkojo unaochoma. Huenda ni maambukizi ya figo.

Ukifika hospitali, uliza kama kuna mtaalamu wa fiziotherapia. Wengi hawajui kwamba tiba kwa mazoezi ni huduma kamili, na kwamba wataalamu wake wamekuwa wakisomeshwa hapahapa nchini, KCMC Moshi, kwa miaka mingi.

Mama wa Korogwe tuliongea naye tena wiki iliyopita. Vidonge anameza. Jioni anatandika mkeka na binti yake, wanafanya daraja huku wakicheka. Tulimuuliza kuhusu ile video. Alisema ameifuta, ila kwanza alimtumia ujumbe aliyemtumia.

Nawe ukiipokea, fanya hivyo. Ukiwa na swali, tutumie meseji kwa namba ileile unayotusikilizia. Tutalipeleka kwa daktari na kulijibu hewani.